Kufufua wembe wa kukunja wa zamani: mwongozo kamili kwa mtu wa Kigoma

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ndani ya miaka michache mji ukawa umepita mikononi mwa Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, na kila aliyekuja alikuja na vifaa vyake vya kunyolea. Kwa hiyo usishangae ukifungua sanduku la bati la babu, Ujiji au Mwanga, ukakuta wembe wa kukunja: bapa moja refu linalojificha ndani ya mpini wake, wa aina iliyotawala dunia kabla King C. Gillette hajapewa hataza ya wembe wake wa kubadilisha mwaka 1904. Mara nyingi huwa umeshageuka kahawia na hakuna mtu nyumbani anayejua ulikuwa wa nani.

Wembe huo unaweza kunyoa tena. Tatizo ni kwamba nyembe nyingi za aina hii huuawa na watu wenye nia njema, ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa grainda au kwa bakuli la siki. Msimamo wangu katika kazi hii ni huu: ondoa chuma kidogo kuliko unavyotamani. Doa likibaki halimdhuru mtu, ila chuma ukishakisaga hukirudishi. Anayetaka wembe uwake kama kioo ataishia kuwa na pambo la kabatini.

Jua kwanza umeshika nini

Upande mnene wa bapa ni mgongo, upande mwembamba ni makali. Kona ya makali iliyo karibu na mpini tuiite kisigino, ya mbali tuiite ncha. Kati ya bapa na mpini kuna shingo, na nyuma yake kamkia kadogo kaliko­pinda, pa kuwekea kidole cha mwisho. Mpini ni vipande viwili vyembamba vilivyoshikwa na pini mbili au tatu. Pini ya upande wa shingo ndiyo wembe unapokunjia.

Sasa tazama shingoni, maana alama ya mtengenezaji hugongwa hapo. Ukisoma Solingen, ni Ujerumani. Sheffield, ni Uingereza. Thiers, ni Ufaransa. Eskilstuna, ni Uswidi. Hii yote ni miji ya mafundi visu wenye historia ya karne nyingi. J. A. Henckels wa Solingen wanajulikana kwa alama ya mapacha wawili, na Wade & Butcher wa Sheffield kwa nyembe zao nzito zenye mgongo mnene. Jina la nchi linasaidia kukadiria umri: sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zinakotoka, hivyo wembe wenye neno "Germany" au "England" kwa kawaida ni wa baada ya hapo. Herufi VR zenye taji ni za enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901.

Pima pia upana wa bapa kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Nyembe hizi hutajwa kwa sehemu za nane za inchi; 5/8 ni kama milimita 16, na 6/8 ni kama 19. Kisha utazame kutoka nchani. Ukiona umbo la kabari, mbavu zimenyooka, huo ni wa mtindo wa kizamani, mzito, unahitaji subira kwenye jiwe. Ukiona mbavu zimechimbwa ndani pande zote mbili, bapa jembamba karibu na makali kiasi cha kulia ukiligusa kwa ukucha, huo ndio ufundi uliowapa Solingen jina. Ni mwepesi kunoa, na mwepesi kuharibika pia.

Unafaa, au tuuache upumzike?

Chukua taa ya simu na lenzi ya kukuzia kama unayo. Pitisha jicho kwenye makali yote, taratibu, pande zote mbili. Tafuta ufa. Ufa ni kimstari chembamba kinachotoka kwenye makali kupanda juu, na mara nyingi hujificha ndani ya kutu. Wembe wenye ufa haunyoi, hata uwe wa mfalme. Usafishe, upake mafuta, uuweke kama kumbukumbu.

Pengo dogo kwenye makali, chini ya milimita moja, linaondoka kwa kunoa. Pengo kubwa ni kazi ya siku nyingi na litaula upana wa wembe, binafsi naliacha. Vishimo vya kutu ubavuni si hoja. Vishimo vilivyofika kwenye makali yenyewe ndivyo hatari, kwa sababu kila ukinoa, makali yanakutana na shimo jipya na kumeguka.

Halafu mpini. Mipini ya zamani ilikuwa ya pembe ya ng'ombe au nyati, mfupa, mbao, seluloidi, na wakati mwingine pembe ya ndovu. Huu wa mwisho ukiutazama kwenye mwanga utaona mistari myembamba inayopishana kama wavu. Ukishuku kuwa ndio huo, usiuze wala usivuke nao mpaka kwenda Burundi au Kongo. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haitanii kuhusu kumiliki nyara za serikali bila kibali. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize kwanza, kabla ya msasa wala mafuta.

Seluloidi ina shida yake. Hii ni plastiki ya kwanza kwanza, hushika moto upesi sana, na ikizeeka huanza kuoza na kutoa hewa yenye tindikali. Dalili ni kutu iliyokaa pale tu bapa linapogusana na mpini, huku shingo na mkia ni safi, pamoja na harufu kali ya kafuri. Mpini kama huo unatolewa na kutupwa. Ukiubakiza, utakula chuma upya hata uusafishe vipi, na ukiuweka kwenye sanduku moja na nyembe nyingine utaziambukiza nazo.

Vifaa

Karibu vyote vinapatikana mjini. Dukani kwa rangi za magari nunua msasa wa maji namba 600, 1000, 1500 na 2000, na tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Kwa fundi vioo omba kipande cha kioo kinene, milimita 6 au zaidi, ukubwa wa daftari. Vipande vilivyobaki huwa wanavitoa kwa bei ndogo. Nunua mafuta ya cherehani, mafuta ya taa kidogo, spiriti ya duka la dawa, tepu nyeusi ya umeme, kalamu ya maka, Brasso, vijiti vya meno, na pakiti ya viwembe vya kawaida.

Kinachosumbua ni mawe. Lile jiwe la kijivu la pande mbili linalouzwa sokoni kwa ajili ya visu na mapanga usilisogeze karibu na wembe huu. Chembe zake ni kubwa mno. Namba ikipanda, chembe huwa ndogo zaidi. Unahitaji jiwe la namba 1000, jingine la kati ya 3000 na 4000, na la 8000. Yapo yaliyounganishwa mawili kwa moja. Kigoma sijayaona dukani, huwa tunaagiza Dar na kupokea kwa basi au treni. Ukiwa na pesa ya jiwe moja tu, nunua la 4000/8000 na ile ya 1000 uifidie kwa msasa namba 1500 uliobandikwa kwenye kioo. Namba za msasa na za mawe hazipimwi kwa kipimo kimoja, ndiyo maana nimesema 1500.

Usafi kabla ya ufundi

Wembe wa kale umepita kwenye ngozi za watu usiowajua. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba na zaidi, na ukishika wembe wenye kutu ukajikata, kutu ndiyo inakuwa hofu yako ndogo. Vaa glovu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, sugua kwa mswaki wa zamani hadi ndani ya mpini, kausha papo hapo, kisha futa bapa na mpini kwa spiriti na uache ikauke yenyewe. Kama mpini ni wa seluloidi, fanya kazi hiyo mbali na jiko. Usiloweke kwenye jiki, inatafuna chuma. Usichemshe, mpini utapinda na gundi ya zamani itaachia.

Baada ya hapo ua makali yaliyobaki: shika wembe umesimama wima, makali chini, upitishe mara mbili tatu, kwa wepesi kabisa, juu ya kitako cha chupa. Inauma kuona, lakini makali hayo lazima yatengenezwe upya hata hivyo, na sasa vidole vyako viko salama zaidi wakati wa kusugua.

Kutu

Hapa ndipo pa kukaa.

Kutu ni mbili. Ile nyekundu inayoacha vumbi kidoleni ni adui, inaendelea kula. Ile nyeusi au ya kijivu iliyoshikamana laini na chuma ni ngozi ya uzee tu. Imetulia na kwa kiasi fulani inalinda. Kazi yako ni kuondoa nyekundu yote na kuacha nyeusi kadiri uwezavyo.

Anza kwa kupaka mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya cherehani, nusu kwa nusu, ufunge kwenye kitambaa, uache usiku kucha. Asubuhi chukua kiwembe kipya cha dukani, kishike karibu kimelala kabisa juu ya bapa lenye mafuta, ukisukume taratibu kutoka mgongoni kuelekea makali. Utasikia kinakwaruza, kisha ghafla sauti inakuwa laini: hapo umefika kwenye chuma. Uchafu wa kahawia utajikusanya mbele ya kiwembe kama tope. Futa, ongeza tone la mafuta, sogea upande. Njia hii inanyanyua kutu bila kukwangua chuma kilicho chini, na mara nyingi inamaliza robo tatu ya kazi kabla hujagusa msasa.

Msasa unafuata pale tu kutu ilipobaki. Laza bapa juu ya kipande cha mbao bapa, ubavu wote uungwe mkono, makali yasining'inie hewani. Funga msasa namba 1000 kwenye kifutio cha penseli, weka mafuta, sugua kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, inua, rudi, sugua tena. Usirudi nyuma huku unagusa, ukirudi unakutana na makali. Namba 600 ni kwa kutu sugu peke yake, na ukiitumia ujue utalazimika kupita na 1000, 1500 na 2000 ili kufuta mikwaruzo yake. Kila namba ifute mistari ya namba iliyotangulia ndipo uendelee. Usiuguse mgongo kwa msasa. Mgongo na makali vilipimwa pamoja kiwandani: wakati wa kunoa vyote viwili hulala juu ya jiwe kwa pamoja, na hivyo ndivyo pembe sahihi inavyopatikana bila wewe kupima chochote. Ukiusaga mgongo, umebadilisha pembe.

Kama bapa lina maandishi au picha ya rangi ya dhahabu, hapo weka msasa mbali na Brasso pia. Ile dhahabu ni utando mwembamba ajabu, inaondoka kwa mipanguso michache ya kitambaa. Sehemu nyingine zote, Brasso kidogo kwenye pamba inatosha kumalizia.

Siki na ndimu watu wanazisifu sana. Zinaondoa kutu, ni kweli, lakini tindikali haichagui. Inakula na chuma kizima, inakiacha cha kijivu chenye vitundu vidogo, na makali membamba ndiyo hutangulia kuliwa. Na fundi wa kunoa mapanga mwenye gurudumu la baiskeli, pamoja na kijana mwenye grainda pale gereji, wote ni watu wazuri na kazi zao tunazihitaji, ila wembe huu usiwapelekee. Chuma chake kiligumishwa kwa moto kiwandani, na ubavu mwembamba kama karatasi hupata joto kwa sekunde moja. Ukiona rangi ya manjano imetokea, umeshapita nyuzi 200. Ukiona buluu, uko karibu na 300, na chuma hapo kimeshalainika. Hakitashika makali tena maishani.

Pini ya kukunjia husahaulika. Kata utepe mwembamba wa kitambaa cha pamba, ulowanishe mafuta ya cherehani, uupitishe kati ya shingo na mpini ukiuvuta huku na huku mpaka utoke safi. Kijiti cha meno kinafika pale utepe usipofika. Nta na nywele za miaka themanini hukaa hapo.

Mpini

Kama mpini ni mzima, uache. Ulegevu kwenye pini unarekebishwa bila kufungua kitu: laza kichwa cha pini juu ya kichwa cha nyundo, na kwa nyundo nyingine ndogo, ya fundi saa au fundi redio, gonga kichwa cha juu kwa vipigo vyepesi vya kuzunguka. Kila baada ya vipigo vitatu vinne jaribu kukunja. Unataka bapa lifunguke bila kulazimishwa lakini lisidondoke lenyewe. Likifunga, hakikisha linalala katikati, makali yasiguse upande wowote.

Mpini wa pembe uliokauka upake mafuta ya mtoto yale mepesi, siku mbili tatu mfululizo, uone unavyorudisha rangi. Angalia kama una vijishimo vya wadudu; hao hupenda pembe kuliko unavyodhani.

Ukilazimika kutengeneza mpya, mkoa huu na Tabora wana mninga, na huhitaji zaidi ya vipande viwili vya milimita 3 unene ambavyo seremala angevitupa. Saga kichwa cha pini ya zamani kwa tupa ndogo mpaka kiishe, kisha sukuma pini itoke kwa msumari uliokatwa ncha. Usiitoe kwa kuupanua mpini. Tumia ubao wa zamani kama kielelezo cha umbo na matundu. Mwisho wa mpini kuna kikabari kinachozitenganisha mbao mbili, na kwenye nyembe nyingi za kale kikabari hicho ni cha risasi, yaani ile metali laini ya kijivu. Usikisugue kwa msasa, vumbi lake ni sumu. Kitoe, nawa mikono, kata kingine cha mbao. Pini mpya pata kwa mchomeleaji: fimbo ya shaba ya kuchomelea ya milimita 1.6 ndiyo saizi yenyewe. Malizia mninga kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, na kwa nta hatulii njaa, wafuga nyuki wa Kibondo wapo.

Kunoa

Hakikisha jiwe limenyooka. Chora mistari ya penseli juu yake kama mraba wa daftari la hesabu, lisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo chenye maji, mpaka mistari yote ifutike kwa pamoja. Mstari unaobaki katikati maana yake jiwe lina bonde.

Bandika tepu ya umeme juu ya mgongo, safu moja, urefu wote wa bapa. Inaulinda usilike. Ukianza kunoa na tepu, endelea na tepu hadi mwisho na mara zijazo pia, kwa sababu unene wake umeingia kwenye pembe.

Weka wembe umelala kabisa kwenye jiwe la 1000, mgongo na makali vyote vinagusa. Usiinue mgongo, hata kidogo. Mazoea ya kunoa kisu yatakushawishi kuinua, yakatae. Sukuma makali yakitangulia, na wakati huohuo vuta kwa mshazari ili uanze na kisigino juu ya jiwe na umalize na ncha. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuzungushia mgongo, kamwe si makali, urudi. Uzito wa mkono ni ule wa wembe wenyewe na kidogo tu zaidi. Vidole vikianza kukakamaa, unabonyeza.

Sasa maka. Paka wino mweusi kwenye ule ukingo mwembamba ulioinamia makali, pande zote mbili, piga misukumo mitano, tazama kwenye mwanga. Wino ukiwa umefutika wote, kuanzia kisigino hadi ncha, mpaka kwenye makali yenyewe, jiwe linagusa panapotakiwa. Ukibaki uzi mweusi mwembamba sana kwenye makali, unakata mabegani mwa ukingo na hujafika. Endelea, usiongeze nguvu. Ukibaki katikati tu, makali yana bonde na itabidi uyasubiri yanyooke. Ukibaki nchani au kisigino, bapa limepinda kidogo, jambo la kawaida kwa nyembe hizi. Zidisha ule mvuto wa mshazari na elekeza kidole kimoja, bila kubonyeza, juu ya sehemu isiyoguswa.

Jiwe la 1000 ndilo linaloamua kila kitu. Wengi hulikimbia mapema, kisha wanateseka na jiwe la 8000 wakidhani ndilo lenye kosa. Usilitoke mpaka mambo mawili yatimie. La kwanza, ukishika makali yakikutazama chini ya taa usione hata nukta moja inayong'aa: makali butu yana ubapa unaorudisha mwanga, makali kamili hayaonekani. La pili, wembe unyoe vinyweleo vya mkononi, ukigusa ngozi, kwa kila sehemu ya urefu wake, na si katikati peke yake. Hii inaweza kuchukua dakika ishirini, inaweza kuchukua jioni mbili.

Baada ya hapo mambo huenda upesi. Jiwe la 3000 au 4000, misukumo kama 30 kwenda na kurudi, maji safi. Jiwe la 8000, 30 hadi 40, na zile kumi za mwisho ziwe nyepesi kiasi cha kuusikia wembe ukinyonya maji ya jiwe. Suuza wembe na jiwe kila unapobadilisha. Chembe moja ya 1000 kwenye jiwe la 8000 inaharibu kazi yote. Wenye bahati ya jiwe la njano la Ubelgiji, lile la kuchimbwa milima ya Ardennes, humalizia hapo. Sisi wengine tunaweka dawa ya kijani ya kung'arishia, yenye kromiamu oksidi, kwenye kipande cha kitambaa cha jinzi kilichobandikwa juu ya ubao, na kupitisha wembe mara 10 hadi 15, safari hii mgongo ukitangulia.

Mkanda wa ngozi

Wembe wa kukunja haunolewi kila siku, ila hupitishwa kwenye mkanda kila kabla ya kunyoa. Mkanda unanyoosha makali, hauyakati. Nenda kwa fundi viatu na useme hivi: "Fundi, naomba ngozi ya ng'ombe isiyopakwa rangi, iliyonyooka, upana vidole vinne, urefu kama nusu mita, isiwe na kovu la kupe upande laini." Bila maelezo hayo utapewa kilichobaki cha sendozi. Mshonee upande wa pili utepe wa turubai au jinzi nzito, toboa tundu la kutundikia kwenye kitasa.

Vuta mkanda ukaze, maana ukilegea unaviringisha makali. Laza wembe, mgongo utangulie, makali yafuate nyuma, ukifika mwisho geuza juu ya mgongo, rudi. Mara 20 kwenye kitambaa, 40 hadi 50 kwenye ngozi. Polepole. Anayekimbia ili asikike kama kinyozi wa sinema hukata mkanda wake wiki ya kwanza. Ngozi ikikauka, isugue kwa kiganja. Mafuta ya mkono yanatosha.

Kunyoa kwenyewe

Oga kwanza au weka taulo la maji ya moto usoni, povu zito la sabuni, ngozi uivute kwa mkono mwingine, wembe uinamie ngozi kama nyuzi 30. Anza na shavu. Kidevu na juu ya mdomo usiviguse mpaka mkono uzoee. Usisogeze wembe kwa upande hata unywele mmoja, hapo ndipo unapochanja.

Kwa sisi wenye ndevu za kujiviringa kuna neno la ziada. Vipele vya ndevu hutokea unywele uliokatwa chini mno unaporudi kuingia kwenye ngozi. Nyoa kuelekea zinakoota, mara moja tu, usipite kinyume, na usivute ngozi mpaka ikaze kama ngoma. Kama vipele vyako ni vya kudumu, ukweli ni kwamba mashine inayoacha kinyweleo kifupi inakufaa kuliko wembe wowote.

Na wembe huu ni wa mtu mmoja. Hauazimwi kwa kaka wala kwa shemeji, na hauingii saluni kunyolea wateja, hata ukifutwa na spiriti mbele ya macho yao.

Kuutunza kando ya ziwa

Ukimaliza, suuza bila kulowanisha mpini, futa kwa taulo, pitisha mara kumi kwenye kitambaa cha mkanda, uache wazi mahali pakavu kwa saa moja, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bapa na jingine kwenye pini. Usitumie mawese. Yanapatikana kila kona, na ni mafuta mazuri ya kupikia, lakini yakikaa yanachacha na kuganda kama gundi. Mafuta ya kula ya aina yoyote yana tabia hiyo.

Kama hamwamini kinachoweza kufanywa na mafuta dhidi ya maji, ulizeni habari za Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli hiyo, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 wakakuta mitambo inafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Miaka minane tangu kuzamishwa hadi kuinuliwa. Wembe wako unaomba tone moja tu.

Usiuhifadhi bafuni, wala kwenye ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma. Droo ya chumbani inafaa, pamoja na vile vipakiti vya chembe nyeupe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kuanzia Novemba mvua zinapoanza hadi zinapokata, ufungue kila wiki uutazame, hata kama huutumii. Ukiusafirisha kwa ndege, uingie kwenye begi la chini, si la mkononi.

Makali yakianza kuvuta nywele, rudi kwenye ile dawa ya kijani, mara 10. Hiyo ikishindwa, ambayo kwa mtu anayenyoa kila siku huwa ni baada ya miezi miwili mitatu, jiwe la 8000 peke yake, misukumo 20. Jiwe la 1000 halitahitajika tena kwa muda mrefu, isipokuwa wembe umekuponyoka ukagonga sinki.